Kuku wa Pole na Honi Ambayo Sikuipiga

Lori lile halikuwa na kioo cha pembeni mpaka mwaka ule. Tajiri wangu, Mhindi mmoja mwenye duka la jumla pale mjini Mtwara, alikuwa akisema dereva ukimpa kioo utamharibu, atatazama alikotoka na kusahau anakokwenda. Mimi nilimwona bahili tu. Basi msimu mmoja wa korosho akabadili mawazo mwenyewe, sijui nani alimshauri, akanunua kioo kikubwa cha mviringo, fundi akakifunga upande wangu wa kulia, nami nikapanda kwenda Nanyamba kufuata magunia.

Wakati wa kurudi ndipo nilipoliona vumbi langu.

Ninyi mliozaliwa lami ikiwa imeshafika hamwezi kunielewa, lakini nitajaribu. Njia ile ilikuwa udongo mwekundu na mchanga. Lori lenye magunia likipita, nyuma linaacha vumbi ambalo linasimama, halianguki upesi. Sasa ilikuwa alasiri, jua limeinama kidogo, limeingia ndani ya lile vumbi, na vumbi lote likawaka kama kaa lililopulizwa. Lilikuwa juu kuliko mikorosho. Nilikuwa nimeendesha miaka mitatu, na kumbe siku zote nilikuwa nikivuta mkia ule na sijapata kuuona hata mara moja. Ilikuwa kama mtu kuonyeshwa mgongo wake mwenyewe. Nikasema kwa sauti, peke yangu mle ndani, "Hii yote ni mimi?"

Na hapo ndipo kona ilipokuja.

Lazima nieleze desturi ya njia ile, maana bila hiyo mtanihukumu vibaya, au mtanihukumu vizuri zaidi kuliko ninavyostahili. Magurudumu yalikuwa yamechimba mifereji miwili tu katikati ya barabara. Mwenye mzigo hatoki kwenye mifereji, kwa sababu akitoka anazama kwenye mchanga na kulala huko. Mwenye gari jepesi ndiye anayempisha. Hilo moja. La pili, kwa kuwa mwenye mzigo hatoki, basi kila akifika kona ni lazima apige honi, ndefu, ili mwepesi ajue na kusogea mapema. Haikuandikwa popote. Kila dereva aliijua kama anavyojua kula kwa mkono wa kulia.

Mimi sikupiga. Nilikuwa kwenye kioo, natazama vumbi.

Gari dogo jeupe likatokea mbele yangu, nalo limo ndani ya mifereji ileile. Nikakanyaga breki. Lile dogo likapinda, bamba langu la mbele likaligonga ubavuni kwenye taa, lile gari likateleza mpaka kwenye shamba la muhogo likasimama. Kishindo chenyewe hakikuwa kikubwa. Kama mtu amefunga mlango wa kabati kwa hasira. Akatoka mwalimu mmoja kijana, mrefu, amevaa shati jeupe, mdomo umepasuka kidogo na damu imedondokea shati. Alikuwa ndiyo kwanza amehamia shule ya mjini, mtu wa huko bara kwenye migomba, wala desturi yetu ya mifereji hakuijua.

"Honi iko wapi?" akaniuliza. "Dereva, honi yako iko wapi?"

Jamani, mtu akishtuka anakuwa mjinga. Nilidhani ananiuliza kama lori lina honi. Nilikuwa nimeshashuka, nikaingiza mkono dirishani nikabonyeza, ikalia ile sauti yake nene, ndefu, ikaenda mpaka bondeni.

"Sasa ndiyo unapiga?" mwalimu akasema.

Wanawake waliokuwa wakichimba muhogo upande wa pili wa miti waliisikia. Na mjomba wangu, aliyekuwa na nyumba yake si mbali na kona, naye aliisikia. Wote walikuja mbio, na wote mpaka leo wangeapa kwamba siku ile honi ililia. Nao wangeapa kweli.

Mjomba wangu nitamweleza kidogo. Kwetu sisi mtoto ni wa upande wa mama, na mkubwa wako si baba, ni mjomba. Wazazi wangu walivuka mto Ruvuma kutoka ng'ambo kuja kufanya kazi ya mkonge, mimi nikiwa mgongoni, na mjomba alivuka pamoja nao. Alikuwa na chale usoni za zamani, nzuri, kama mlango uliochongwa, na juu ya chale anavaa kofia ya kufuma aliyoifua kila Alhamisi. Kazi yake kubwa katika ukoo ilikuwa kusema. Ukiwa na shauri, ukiwa umeiba au umeibiwa, umeoa au umeachwa, husimami mwenyewe. Unakaa chini, umenyamaza, unatazama mchanga, na mjomba ndiye anayesimama kukusemea. Mtu akijisemea mwenyewe watu wanamwonea huruma, wanaulizana, "Huyu kwao wamekwisha?" Mimi nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto wawili, nimepanga chumba mtaa wa Rahaleo, na nilikuwa sijapata kusema neno langu mwenyewe mbele ya baraza lolote.

Siku ile pale kona mjomba aliangalia taa iliyovunjika, akaangalia mdomo wa mwalimu, akasema, "Mpwa, huyu ametoka damu na wewe hujatoka. Nenda mjini, nakuja kesho."

Kesho yake akaja Mtwara na kuku. Kuku jike, mweupe, na unga wa mtama kwenye kitambaa. Kwetu aliyepona humpelekea pole aliyetoka damu. Hamaanishi kwamba amekosa. Hata mti ukimwangukia jirani kwenye shamba lako utampelekea kuku, na mti hauna kosa. Tukaenda mpaka nyumba ya mwalimu, mjomba akasema maneno yote ya pole, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mwalimu akapokea, ametutumbulia macho, akasema ahsante, ahsante, karibuni.

Tulipogeuza migongo, alimchukua yule kuku na kumpeleka polisi.

Sikumlaumu hata wakati ule. Kwao alikofunzwa, mtu aliyekugonga akikuletea kuku kabla ya kesi, hiyo ni rushwa. Alikuwa kijana mwaminifu, na aliogopa. Polisi wakaandika. Nilipoitwa kituoni askari aliyekuwa zamu akanifungulia kitabu kikubwa, akaweka kidole: "Kuku mmoja, jike, mweupe." Mama yangu alizaa watoto saba na hakuna hata mmoja aliyeandikwa popote. Kuku wa mjomba ameandikwa!

"Na unga, afande?" nikauliza.

"Unga gani?"

Unga sijui ulikokwenda, na sina ushahidi.

"Sikiliza, dereva," askari akasema. "Kugonga taa ni jambo dogo. Lakini huyu kuku anasema umekiri, tena ulitaka kumziba shahidi mdomo. Hakimu akimsikiliza huyu kuku, leseni huna."

Leseni. Leseni ile ndiyo ilikuwa karatasi pekee duniani yenye jina langu na sura yangu. Nilisoma madarasa mawili, cheti sina. Nilizaliwa ng'ambo, na wakati ule kule ng'ambo kulikuwa na vita, watu wanavuka mto na vifurushi kichwani, na kila mwenye lafudhi yangu aliulizwa, wewe wa wapi, umekuja lini. Nikitoa leseni, wananyamaza. Picha imo, mhuri umo. Nilikuwa nikiilaza ndani ya kitambaa cha hariri alichoniachia bibi yangu. Kazi ningepata nyingine, hata kubeba magunia yaleyale niliyokuwa nikiyaendesha. Lakini bila leseni, mimi ni nani? Hilo ndilo swali lililokuwa likizunguka kichwani.

Nikampelekea tajiri habari. Akapiga paji la uso.

"Mimi nilisema kioo mbaya! Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, tajiri."

"Sasa chukua wakili. Malipo juu yangu, gari langu. Yupo mmoja anakuja na ndege kutoka Dar es Salaam, anakaa siku mbili, anarudi. Mwambie kila kitu."

Wakili! Mtu anayekuja na ndege kwa ajili ya kuku. Wakati ule mimi ndege naijua kwa tumbo tu, ikipita juu. Nilikwenda kwa mjomba kumwambia, nikadhani atafurahi. Alikuwa anamenya muhogo. Akaweka kisu chini.

"Huyo wakili ni nani kwako?"

"Si ndugu, mjomba. Ni mtu anayejua sheria. Anakusemea mahakamani."

"Anakusemea." Akarudia neno lile taratibu. "Na mimi nimekufa lini? Mbona sijaletewa sanda?"

"Mjomba, mahakama ya serikali hairuhusu mjomba kusema. Anasema wakili, au unasema mwenyewe."

"Kwa hiyo serikali imeweka mjomba wa kukodi."

Mke wa mjomba, ambaye alikuwa na ulimi kuliko mumewe, akadakia kutoka jikoni, "Mwache akodi! Wewe ulipopeleka kuku wako si ndiye aliyemtia ndani? Wa kukodi labda atapeleka bata!"

Mjomba hakucheka. Lakini kesho yake alivaa kanzu yake nzuri akaja nami mjini. Alisema anakwenda kumtazama tu huyo mwenziwe.

Ofisi ilikuwa chumba juu ya duka la vitambaa. Ngazi za mbao, mlango una kioo cha ukungu. Tulipoingia nilisimama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Vitabu. Ukuta mzima, vyote vya rangi moja, nyekundu nzito na mstari wa dhahabu mgongoni, kama askari wamepangwa. Nilikuwa nimezoea kuona kitabu kimoja kimoja. Sikujua vinaweza kuwa taifa. Wakili mwenyewe alikuwa mfupi, mnene, Mwafrika kama sisi, anaongea polepole na macho yake hayakutoki. Mjomba akaanza kusimulia. Alisema vizuri siku ile, Mungu ni shahidi. Wakili akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Ahsante, mzee wangu. Sasa nataka kumsikia yeye."

Mjomba akanigeukia kana kwamba kiti ndicho kilichoombwa kiseme.

Nikasema. Vibaya, kwa kurukaruka. Nikaeleza mifereji, nikaeleza mwenye mzigo hatoki. Wakili akasimama, macho yakamwaka. Akavuta kitabu kimoja, akapekua, akapata. Akasema ndani ya kitabu kile kuna mtu, nchi nyingine kabisa, ng'ambo ya bahari, wazazi wa wazazi wetu hawajazaliwa, aliyekuwa na mkokoteni wa farasi wenye mzigo, akagongana na mwenye mkokoteni mwepesi kwenye njia nyembamba. Na majaji wakasema desturi ya njia itazamwe. Akanionyesha mstari. Mimi sikuweza kuusoma, ulikuwa Kiingereza, lakini niliugusa kwa kidole. Mtu amekufa, farasi wake amekufa, mifupa yao haipo, na kule kugongana kwao bado kuko hai, kumelala kwenye karatasi kunanisubiri mimi, mtoto wa wakata mkonge. Mpaka leo nikikumbuka nasisimka. Kama kuna kitu kilichonifanya niitamani sheria, ni farasi yule.

"Sasa, jambo moja tu," wakili akasema. "Mwalimu anadai hakukuwa na honi. Ulipiga?"

"Alipiga," mjomba akasema palepale. "Nimeisikia kwa masikio haya. Na wanawake wanne wameisikia."

Wakili akapiga meza kwa kiganja, taratibu, mtu aliyefurahi. "Basi. Kuku nitamweleza mimi, ni mila, haina shida. Na mwalimu nitamsimamisha nimwulize: watu watano waliokuwa mbali na kona wamesikia honi, wewe uliyekuwa mbele yake hukuisikia. Masikio yako mazima, mwalimu? Au uliona dereva ni mshamba, na ulimi wake si wa hapa, ukaona hataaminiwa? Nitamwuliza mpaka jasho limtoke."

Mjomba akacheka kwa sauti, akampa wakili mkono. Tayari alikuwa amempenda. Alisema kwa lugha yetu, "Huyu anajua kazi."

Mimi nilikuwa natazama vitabu. Nilitaka kusema na mdomo haukufunguka. Wakili akasema nirudi baada ya wiki mbili, atakapokuja tena, nimpe jibu kama namchukua, maana kesi itasikilizwa siku inayofuata.

Wiki mbili zile! Usidhani nilikuwa na wema mwingi. Nilijiambia, honi si ililia? Ililia. Nani ameuliza ililia lini? Nikajiambia tena, yule mwalimu ana mshahara, ana cheti, ana kwao kunakojulikana, hata akiitwa mwongo siku moja atakwenda nyumbani ale ndizi alale. Mimi nikipoteza leseni nimepotea. Mke wangu nilimwambia ukweli wote. Akanisikiliza, akasema, "Kama ni mimi ningechukua wakili na ningenyamaza." Nikamshukuru. Halafu akaongeza, "Lakini mimi silali na masikio yako." Wanawake!

Kila Jumatatu nilitakiwa kuripoti kituoni. Jumatatu ya pili nilimkuta mwalimu nyuma ya kituo, kwenye banda, amechuchumaa na suruali yake ya kupigwa pasi, anamwaga mtama kutoka kwenye bahasha. Kuku wa mjomba alikuwa pale, mguuni amefungwa kikadi chenye namba. Amenenepa.

"Mwalimu, unamlisha?"

Akashtuka, akasimama, kwa aibu. "Mimi ndiye niliyemfunga. Wenzangu shuleni wamenieleza mila yenu. Nimejaribu kumtoa, wanasema ameshaandikwa, hatoki mpaka hakimu aseme."

Tukasimama tukimtazama anavyodonoa. Nikasema, "Ana afya."

"Nasikia unaleta wakili mkubwa."

"Natafakari bado, mwalimu."

"Mlete. Ni haki yako." Akakunja ile bahasha, akaikunja tena. "Mimi nitasema nilichosikia, basi. Ila nikwambie kitu, dereva? Watu wote pale kijijini wanasema ililia. Wanawake wazima, na yule mzee. Hawana sababu ya kunidanganya. Siku hizi najiuliza, labda ililia kweli na mimi sikuisikia. Labda niliota. Darasani mtoto akijibu jambo namwambia rudia, rudia, naona kama masikio yangu yana kasoro. Nimekwenda mpaka kwa daktari."

Alicheka, lakini kicheko cha mtu anayeuliza.

Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka Rahaleo na nikapita nyumba yangu bila kuiona. Nilikuwa sijafikiria hilo. Nilifikiri uongo ni neno ambalo mtu anasema, na mimi sikusema neno lolote. Kumbe kunyamaza kwangu kulikuwa kumeshaingia kwenye kichwa cha mtu mwingine, kunamla masikio. Na wakili bado hajaanza! Nikaogopa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kona. Mtu mmoja ananyamaza Rahaleo, mwingine anakwenda kwa daktari. Nguvu hiyo nilikuwa nayo na sikujua, kama lile vumbi.

Wakili aliporudi nilipanda ngazi peke yangu. Nikamwambia, honi ililia baada ya kugongana, mwalimu aliponiuliza iko wapi. Akafunga kalamu. "Umenifanya nisiweze kumwuliza lile swali," akasema.

"Najua, bwana."

"Bila lile swali, kesi ni nyembamba. Naweza bado kusema habari ya mifereji."

"Mifereji naijua zaidi yako, bwana, samahani. Nitasema mwenyewe."

Kisha akasema jambo nililolibeba mpaka uzee huu. Akasema, "Watu wengi wanaopanda ngazi hizi wanataka niwafichie. Ukisimama kule usiseme haraka, hakimu anaandika kwa mkono." Akanifungulia mlango yeye mwenyewe.

Mjomba sikumwambia. Huo ndio udhaifu wangu, nakiri. Niliogopa uso wake. Akaja mahakamani na kanzu, na wale wanawake wanne, wote wamekaa kwenye benchi wanatafuta wakili alipo.

Hakimu alikuwa mtu mzima, mwembamba, miwani imemshuka puani. Mwendesha mashtaka wa polisi alieleza ya taa, akaeleza ya mdomo, kisha akafika kwa kuku.

"Kielelezo kiletwe," hakimu akasema.

Askari akapiga saluti. "Mheshimiwa, kielelezo hakiwezi kuja."

"Kwa nini?"

"Mheshimiwa, kinaatamia."

Hakimu akavua miwani. Niliona anafikiri kweli, hafanyi mzaha, kama vile sheria yote aliyosoma imesimama ukingoni mwa kiota inachungulia. "Kimetaga mikononi mwa polisi?"

"Mayai tisa, mheshimiwa. Jogoo ni wa jirani."

Akaandika! Kwa mkono wake, taratibu, akaandika mayai tisa. Nikajua wakili hakukosea, huyu anaandika kwa mkono.

Akaniuliza kama nina wakili. Nikasema sina. Benchi la mjomba likalia. Akaniambia niseme. Nilisimama, na jambo la kwanza nililoona ni kwamba sina pa kutazama. Ukikaa chini, unatazama mchanga. Ukisimama, macho yanakwenda kwa watu. Nikasema ya mifereji, polepole. Nikasema kuku si rushwa, ni pole, na mjomba wangu alimleta kwa moyo safi. Halafu nikasema, "Na honi sikupiga. Nilikuwa naangalia vumbi langu kwenye kioo. Honi waliyosikia hawa mama zangu na mjomba wangu ni ya baadaye, hawakusema uongo. Mwalimu pia hakusema uongo. Masikio yake ni mazima."

Nilimwona mwalimu anashika sikio. Hakujua anashika.

Mjomba sikuthubutu kumtazama. Nilisikia kanzu inanyanyuka, nyayo zinatoka nje.

Hakimu aliandika mpaka nikahesabu vigae vya juu. Akasema nimekosa kwenye kona, na kosa litaandikwa nyuma ya leseni, leseni nisinyang'anywe. Akasema kuku hana hatia, arudishwe kwa aliyepewa, baada ya kuangua.

Nje nilitoa leseni kwenye kile kitambaa. Kulikuwa na mistari miwili ya wino mpya, Kiingereza. Nikamfuata mwalimu nikamwomba anisomee. Akaishika kwa ncha za vidole, kama picha isiyokauka. "Imeandikwa jina lako," akasema, "na kwamba uliendesha bila kuwa mwangalifu. Na hapa chini imeandikwa kwamba ulisema kweli mwenyewe. Hili la pili sijapata kuliona kwenye leseni."

Sijui kama lilikuwa limeandikwa. Wino umefifia, na waliokuja kuisoma baadaye kila mmoja alisoma lake. Sikutaka kuwauliza sana.

Vifaranga walitoka saba. Mwalimu alimpa mke wangu wanne.

Mjomba hakusema nami msimu mzima wa korosho na mvua zote za masika. Nilimwelewa. Mbele ya watu nilimfanya shahidi wa honi isiyokuwepo, na zaidi ya hapo nilijisemea kama mtu ambaye kwao wamekwisha. Nilikuwa nikipita kona yake na magunia, napiga honi ndefu, kisha naitazama nyumba. Mlango haukufunguka.

Siku moja, msimu wa pili umeanza, nikamkuta amesimama kando ya njia na mkeka wake, anakwenda mjini kutibiwa jicho. Nikasimama. Akapanda mbele bila salamu. Nikawasha gari. Tulikuwa mita chache kutoka kona. Mkono wangu ulikuwa njiani kwenda kwenye honi, na mkono wake ukawahi. Alijinyoosha mpaka kofia ikamwanguka, akabonyeza, akashikilia. Ililia, ikalia, mpaka ndege wakatoka kwenye mikorosho, na yeye bado ameshikilia, akitazama mbele, na mimi sikumwambia inatosha.